Majivu ya Mlima na Majivu ya Miombo



Kila mwaka kijitabu hiki huanza na kurasa chache za historia ya kwetu kabla ya kufika kwenye kurasa za ahadi na michango. Mwaka huu tumechagua historia ya udongo. Huenda mkajiuliza sisi tunaoshika vitabu vya fedha vya chama tunatafuta nini kwenye udongo. Sababu ni kwamba katika vitabu hivyo ipo hasara ambayo hatujawahi kuwaeleza vizuri, na chanzo chake kipo ardhini.

Wengi mnakumbuka. Katika mkutano mkuu mmoja, wenzetu wanaofanya kazi Mbeya walileta wazo lililotupendeza sote: chama kipande misonobari, au mipaini kama wanavyoiita kule, kwenye eneo la shule nyumbani. Baada ya miaka ishirini hivi tungevuna mbao, na shule ingepata bweni bila kupitisha bakuli. Tulipiga hesabu siku hiyohiyo. Gharama za miche, usafiri, vibarua na palizi zilikuwa upande mmoja, na mapato ya mbao upande wa pili. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Tukanunua miche, tukaisafirisha. Eneo likasafishwa: miombo iliyokuwepo ikakatwa na kuchomwa mkaa. Miche ikapandwa mvua za kwanza. Ilipofika Agosti mwaka uliofuata, iliyobaki ilihesabika kwa vidole. Mingi ilikauka, mingine ililiwa na mchwa, na moto wa kiangazi ulipopita haukuacha cha kuokoa. Tukaandika "hasara ya miche", tukafunga ukurasa.

Ila mzee mmoja wa Nsimbo hakukubali tufunge. Alituuliza: "Wanangu, hiyo mipaini mliiona imeota wapi? Na chini yake kuna nini?" Hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo majibu yetu, ingawa tumechelewa.

Chini ya mipaini ya Rungwe

Kutoka Mpanda unapita Sumbawanga na Tunduma hadi Mbeya, kisha pale Uyole unakata kulia kuelekea Tukuyu. Barabara inapanda. Baridi inaingia, mashamba ya viazi yanatanda pande zote, na ukifika maeneo ya Isongole unaanza kuona mipaini ya Shamba la Miti Kiwira, iliyonyooka kama askari kwenye gwaride. Hiyo ndiyo iliyowavutia wenzetu.

Tulipopita njia hiyo tukienda msibani, safari hii hatukuangalia juu. Tuliangalia kingo za barabara, mahali greda lilipokata kilima. Udongo wa juu ni mweusi, laini, mwepesi mkononi. Chini yake kuna tabaka la vijiwe vyenye vitundu vingi, vyepesi kiasi kwamba ukitupa kimoja kwenye ndoo ya maji kinaelea. Chini ya hapo unakuta tena udongo mweusi. Ni kama kurasa za kitabu: mlima ulilipuka, ukatulia, majani yakaota, ukalipuka tena.

Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960. Wataalamu wa volkano wanasema mlipuko wake mkubwa ulitokea kama miaka 4,000 iliyopita, ukafunika nchi ya jirani kwa majivu na vijiwe hivyo vyepesi. Ngozi, ambao leo una ziwa zuri ndani ya kasoko yake, ulilipuka katika miaka 1,000 hii ya karibuni. Kyejo ulitoa mawe ya moto karibu mwaka 1800, na Wanyakyusa walisimuliana habari hiyo kutoka baba hadi mwana. Kwa umri wa ardhi, hayo yote ni mambo ya juzi.

Udongo unaotokana na majivu ya namna hiyo wataalamu wanauita andosoli. Jina limetoka Japani, nchi nyingine ya volkano, na maana yake ni udongo mweusi. Duniani kote haufiki hata asilimia 1 ya nchi kavu, lakini penye udongo huo na mvua, watu hujazana: kisiwa cha Java, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na kule Kivu chini ya milima ya Virunga.

Siri yake ni hii. Majivu ya volkano ni kama kioo kilichosagwa. Yakipata mvua yanaoza haraka kuliko mwamba, na kugeuka chembe ndogo mno zinazokumbatia mboji na kukataa kuiachia. Ndiyo maana udongo unabaki mweusi. Chembe hizohizo hushika maji kama sifongo. Sehemu za Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi ya ukavu mzizi ukishuka unakuta unyevunyevu. Mpaini uliopandwa pale umekabidhiwa akiba ambayo haukuiweka wenyewe.

Lakini tusiwe kama mgeni anayesifia kila kitu cha nyumba ya watu. Udongo huo una choyo chake. Chembe zilezile zinazoshika mboji hushika pia fosforasi, kirutubisho ambacho mmea unakihitaji ili uweke mizizi na mbegu. Ipo ardhini, lakini mmea hauifikii kirahisi, na mkulima wa viazi lazima anunue mbolea. Mteremko ukiachwa wazi, udongo huo mwepesi huondoka na maji. Vilevile mipaini si watoto wa mlima ule. Msitu wa asili wa Mlima Rungwe, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, ni wa miti mingine kabisa, na ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu ingawa wawindaji wa pale walikuwa wakimjua.

Mti uliokuja na mzigo wake

Mpaini unaopandwa sana nyanda za juu ni aina ya patula, na asili yake ni milima ya Meksiko. Wakoloni walitafuta mti wa kukua haraka wa kutoa mbao laini na karatasi, wakauleta. Mwanzoni, katika nchi nyingi za Afrika, mbegu za mipaini ziliota vizuri, kisha miche ikawa ya manjano na kudumaa kitaluni. Wakaongeza mbolea na maji bila mafanikio.

Ikaja kugundulika kwamba mpaini hauli peke yake. Kwenye mizizi yake huishi kuvu, jamaa wa uyoga, ambao hutandaza nyuzi ndani ya udongo, hunyonya fosforasi na maji, na kuukabidhi mzizi. Mti nao huwalipa kwa sukari. Kuvu wa mipaini hawakuwepo kwenye udongo wetu. Dawa yake ilikuwa kuchukua udongo kutoka chini ya mipaini mikubwa iliyokwisha kuota na kuuchanganya na ule wa kitalu. Watu wa vitalu wamefanya hivyo vizazi kwa vizazi.

Kwa hiyo pale Kiwira tuliona miti tu. Hatukuona majivu ya miaka 4,000, mvua, baridi wala kuvu waliosafirishwa. Sisi tulipakia miche kwenye lori tukadhani tumepakia na msitu.

Tuseme pia ukweli mwingine, maana wenzetu wa Mufindi watatuuliza. Sao Hill kuna bahari ya mipaini, na chini yake hakuna majivu ya Rungwe. Ni kweli. Pale mwinuko, baridi na ukungu ndivyo vinavyoubeba mti. Zipo pia aina za mipaini zinazovumilia joto kuliko patula. Sisi hatusemi mpaini ni mti mbaya. Tunachosema ni kwamba tuliweka fedha za watu kwenye biashara bila kuuliza mtaji wake uko wapi.

Nchi ya mawe mazee

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Mpanda uko takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yetu huanza Novemba na kuishia Aprili, kisha miezi inapita bila tone. Na chini ya miguu yetu?

Wanajiolojia duniani wanaufahamu mkanda mrefu wa miamba unaopita magharibi mwa Tanzania, kutoka kando ya Ziwa Tanganyika kushuka kusini-mashariki hadi karibu na Ziwa Nyasa. Wameupa jina la Ubende, nchi ya Wabende, yaani kwetu. Miamba hiyo ina umri wa kiasi cha miaka bilioni 2. Watoto wetu wanaosoma jiolojia, hata wakiwa chuo cha mbali, watakutana na jina hilo vitabuni. Wajue ni la bibi zao.

Ukongwe huo umetupa na umetunyima. Umetupa madini. Risasi, fedha, shaba na dhahabu vilivyogunduliwa Mpanda miaka ya 1930 vilikuwa ndani ya miamba hiyo. Kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba, reli ilijengwa kutoka Kaliua ikafika Mpanda mwaka 1950, na mji wetu ukazaliwa. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na mji ukaendelea kuishi kwa vitu vilivyotoka juu ya ardhi: mbao za mninga, asali na nta, tumbaku, mahindi, mpunga.

Kilichonyimwa ni rutuba ya chini. Mwamba uliosafishwa na mvua kwa muda mrefu namna hiyo hubaki na mchanga na udongo mwekundu, wenye uchachu na fosforasi kidogo. Hakuna mlima uliotumwagia majivu mapya. Ukichimba shimo Nsimbo au Inyonga, weusi wa mboji unaisha baada ya inchi chache. Ndiyo maana wazee wetu waliotaka mahindi ya uhakika waliyapanda kwenye vichuguu: mchwa huchimba chini na kupandisha juu udongo wenye uhai zaidi.

Basi miombo inaishije? Inaishi kwa kutoacha kitu kipotee. Majani yanaanguka kiangazi, yanaoza mvua zikija, na mizizi inayachukua tena kabla hayajazama. Miti mingi ya miombo nayo ina kuvu wake wa mizizini, na uyoga tunaookota Desemba na Januari, ukauzwa kwenye sinia kando ya barabara, mwingi ni matunda ya ushirika huo. Tazameni pia Septemba. Hakuna hata wingu, lakini miombo inatoa majani mapya, mekundu kama moto. Mti unatumia akiba yake mwenyewe.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Rungwe, akiba iko chini ya msitu. Katavi, akiba ni msitu wenyewe. Kule ukikata mti, majivu yanabaki ardhini. Huku ukikata mti na kuuondoa, umeondoa na majivu yake.

Majivu tuliyotengeneza wenyewe

Wazee wetu walilijua hilo bila maabara. Katika nchi yote ya miombo, kuanzia kwa Wabemba wa Zambia wanaoita kilimo hicho chitemene hadi huku kwetu, watu walikata matawi ya eneo kubwa, wakayarundika mahali padogo, wakayachoma, na kupanda ulezi juu ya majivu. Majivu hayo yalipunguza uchachu wa udongo na kutoa chakula kwa mmea. Kwa maneno mengine, walitengeneza volkano ndogo ya mkono. Wafipa wa uwandani, ambako miti ilikuwa michache, walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo yakaoza, wakapanda juu yake.

Hesabu yao ilikuwa na sharti moja: baada ya mavuno machache unahama, unauacha msitu miaka ishirini au zaidi ujirudishie. Ni mkopo wenye tarehe ya kulipa.

Sharti hilo lilivunjika polepole, na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Tumbaku ilitaka shamba jipya na kuni za kukaushia. Miaka ya 1970 makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yalifunguliwa Katumba na baadaye Mishamo, katikati ya msitu, na watu hao walioonewa kwao walilima kwa bidii wakalisha mkoa. Leo wengi wao ni raia wenzetu. Wafugaji na wakulima waliingia kutoka Usukuma. Mji ulikua na kutaka mkaa. Sisi tulioko mijini nasi tumo: tunanunua ekari nyumbani, tunatuma fedha za kusafishia, na kwa simu tunasisitiza ving'olewe hadi visiki.

Matokeo yake tunayaona kwenye maji. Mto Katuma hushuka kuelekea Ziwa Katavi, ukapita mbuga ya Katisunga na Ziwa Chada, na maji yake huendelea na Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Kiangazi kikikolea, viboko husongamana kwenye madimbwi ya tope yaliyobaki, watalii wakipiga picha. Mpimbwe wanasubiri maji ya mpunga. Sehemu ya sababu ni maji yanayochukuliwa mashambani huko juu, na sehemu ni vilima vilivyovuliwa miti, ambapo mvua inakimbia badala ya kuzama.

Na Ziwa Rukwa halina mahali pa kutokea. Kinachoingia kinabaki. Upande wa kusini Mto Songwe huliletea maji kutoka nchi ya volkano za Mbeya, na wanasayansi waliotoboa tope la chini ya ziwa wamekuta humo matabaka ya majivu yaliyotoka kwenye milima hiyo. Kwa upande wetu Kavuu huleta udongo wa Katavi. Kwa hiyo majivu ya Rungwe na udongo wetu vimekutana tayari, lakini vimekutania ziwani, mahali ambapo hakuna wa kulima. Kila mvua kubwa tunapeleka nyongeza.

Tulichokikuta kwenye eneo la shule

Tulirudi kwenye lile eneo kufanya hesabu ya mwisho ya miche, tukiwa na mzee wetu wa Nsimbo. Mipaini hatukuona. Tuliona visiki. Vibarua walikuwa wamechoka, wengi hawakuving'oa, na kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi, mengine yakitufikia kifuani. Hatukuwa tumeyanunua wala kuyamwagilia. Mzee aliinama, akakata machipukizi membamba kwenye kisiki kimoja akaacha mawili yenye nguvu. Akasema, "Haya sasa andikeni hapo kwenye daftari lenu bei yake."

Hatukuwa na bei ya kuandika. Lakini tumeandika bajeti mpya, na ndiyo tunayowaomba mwaka huu. Mipaini imetoka. Yameingia mambo manne: kutengeneza na kusafisha njia za moto kuzunguka eneo la shule kila Mei kabla nyasi hazijakauka, kitalu cha wanafunzi cha mninga, mkurungu na miti ya matunda, mizinga ya nyuki itakayotundikwa kwenye miombo hiyohiyo, ili shule ianze kupata kipato bila kungoja miaka ishirini, na majiko banifu ya jiko la shule ili kuni zipungue. Mchanganuo wa kila kifungu uko kurasa za mwisho, na hasara ya miche ya zamani tumeionyesha wazi humo. Ni makosa yetu, na fedha zilikuwa zenu.

Atakayesema msitu uliosimama hauna faida, aende Wilaya ya Tanganyika. Vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimekuwa vikilipwa kwa ajili ya hewa ya ukaa, na kwa fedha hizo vimejenga madarasa na zahanati. Eneo letu la shule ni dogo, halifiki huko. Lakini hata kulinda kidogo kunaanza na uamuzi uleule wa kutokata.

Jina la mkoa wetu limetokana na Katabi, mzimu ambao Wabende wanasema hukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na hadi leo watu hupeleka sadaka pale. Kila mtu ana imani yake. Sisi tunachokiona ni kwamba waliotutangulia, walipotafuta mahali pa kuweka kitu cha thamani kuliko vyote, walikiweka kwenye mti.

Fomu ya ahadi imebanwa katikati ya kijitabu. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeweza kufadhili mzinga mmoja afadhili mmoja. Anayeweza kulipia kibarua wa siku moja ya njia za moto, hiyo nayo tutaiandika na kuitolea stakabadhi. Na wewe mwenye ekari nyumbani, kabla hujatuma fedha za kusafisha shamba, piga simu kwanza useme visiki viachwe.